Shule kongwe, shule ya kata au chuo? Ulinganisho kwa wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe wenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, simu za walimu huku Nyanda za Juu Kusini hazipoi. Mzazi wa Tukuyu, wa Mafinga, wa Vwawa, wote wanauliza lilelile: huyu mtoto tumpeleke wapi? Mmoja ana jina la shule moja tu kichwani, ile aliyosoma kaka yake mkubwa. Mwingine ameshaambiwa na jirani kwamba kidato cha tano ni kupoteza muda, bora chuo. Nimefundisha sekondari huku kwa miaka mingi na nimekaa ofisi ya taaluma, na kinachoniuma kila mwaka ni kuona mtoto mwenye uwezo anaanguka kidato cha sita kwa sababu alipelekwa mahali pasipomfaa.

Nitalinganisha njia tatu ambazo ziko wazi kwa familia nyingi: shule kubwa kongwe ya serikali ya bweni, shule ya kata iliyoongezewa kidato cha tano na sita, na chuo cha kati. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Shule kongwe inampa mtoto upana ambao hataupata kwingine kwa bei hiyo, ila haimshiki mkono. Kwa hiyo anzeni na somo, halafu tabia ya mtoto, na jina la shule lije la tatu.

Nani anachagua?

Alipomaliza darasa la saba hamkuulizwa. Serikali ilimpanga: wachache wenye alama za juu kabisa walikwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala, wengine wakaenda za ufundi, wengine bweni za kawaida, na walio wengi wakabaki shule ya kutwa karibu na kwao. Baada ya kidato cha nne ndipo familia inapopata sauti, na sauti hiyo ni fomu ya machaguo iitwayo Selform. Mtoto huijaza shuleni kabla ya mtihani wa Novemba, akitaja tahasusi (kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita), shule na vyuo anavyovitaka. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo kwenye mtandao.

Dirisha hilo ndilo linalopotea bure. Mtoto alijaza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) akiwa na ndoto ya udaktari, Januari Fizikia imekuja na D, na fomu inabaki vilevile kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua kwamba inaweza kubadilishwa. Matangazo yakitoka, kaeni naye chini siku hiyohiyo, mfungue akaunti yake pamoja. Ili apangwe kidato cha tano anahitaji A, B au C katika masomo matatu bila kuhesabu ya dini, na masomo hayo yawe yanabeba ile kombi anayoiomba. Daraja la pili lenye C za Historia, Kiswahili na Uraia halimpeleki mtu PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hata kama mzazi anataka mhandisi.

Shule kongwe ya bweni

Nazungumzia zile ambazo babu wa mtoto anaweza kuwa alisoma. Malangali ya Mufindi ilifunguliwa 1928. Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa mjini, ilianzia mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Ifunda, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, ilianza 1951 kama shule ya ufundi stadi. Kuna Iringa Wasichana, kuna Loleza ya Mbeya, kuna Rungwe, kuna Njombe, na mbali zaidi Songea Wavulana na Kantalamba ya Sumbawanga. Mkwawa, ambayo wazee bado wanaitaja kama sekondari, mwaka 2005 iligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo hiyo itoeni kwenye orodha.

Faida ya kwanza ya shule hizi ni wingi wa kombi. Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, zikaingia za biashara, lugha, sanaa, michezo na dini. Orodha ikawa ndefu, lakini tahasusi iliyoandikwa kwenye karatasi na tahasusi yenye mwalimu darasani ni vitu viwili. Shule kubwa yenye mikondo mingi ina walimu wa kutosha kuendesha kombi nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ukubwa unapomsaidia mtoto kwa namna ambayo wazazi hawaifikirii: anaweza kubadili. Kila Julai na Agosti kuna mtoto aliyekuja kusoma PCM ambaye baada ya wiki chache za hesabu za kidato cha tano anatambua kwamba EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) ndiyo saizi yake. Kwenye shule yenye kombi nyingi anaandika barua, anaongea na mwalimu wa taaluma, na nafasi ikiwepo anahamia darasa la kombi hiyo bila kuondoka bweni lake. Kwenye shule yenye kombi mbili, kubadili maana yake ni kuhama shule, na kuhama shule kunamla nusu muhula.

Faida ya pili ni walimu wenyewe. Pakiwa na walimu watatu wa Kemia, mmoja akiugua au akienda likizo ya uzazi, kipindi hakifi. Wanagawana mada pia: mmoja anashika kemia ya ogania, mwingine ile ya mahesabu, na kila mmoja anafundisha anachokijua vizuri zaidi.

Faida ya tatu ni wenzake. Bweni la kidato cha tano linamkutanisha mtoto wa Kyela na wa Kigoma, wa Tanga na wa Makete, wote wamekuja na A na B zao. Masomo ya kiwango hiki yanakaa kichwani kwa diskasheni. Mwalimu anafundisha mada kwa vipindi vichache, kisha usiku baada ya prepo, kipindi cha kujisomea jioni, vijana watano wanaizunguka meza moja na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, mmoja anasimama ubaoni, wengine wanambana maswali. Mtoto aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anagundua kwamba hapa ni wa kumi na tisa. Baadhi wanaamka kwa hilo. Wengine wanavunjika moyo, na mzazi anatakiwa ajue mapema wa kwake ni wa aina gani.

Sasa upande wa pili. Muda ni mfupi kuliko unavyosikika. Tunasema miaka miwili, lakini kidato cha tano kinaanza Julai na mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei ya mwaka wa pili wake. Toa likizo, toa wiki za mwanzo za kuzoea mazingira, toa wiki za mock, mitihani ya majaribio, kinachobaki hakitoshi kwa mtu anayesubiri kusukumwa. Na katika shule ya mamia ya wanafunzi, hakuna wa kumsukuma. Mwalimu wa zamu atahakikisha yuko kwenye foleni ya bwalo na kwenye prepo, lakini hatajua kwamba hajaielewa mada ya mzunguko wa umeme hadi mtihani wa muhula umseme. Kijana aliyezoea kukumbushwa na mama kila jioni, au aliyetoka shule binafsi ambako daftari lake lilikaguliwa kila wiki, anaweza kupotea hapo huku anacheka na wenzake.

Ukitaka kujua kama shule kongwe bado ina nguvu au inaishi kwa jina tu, nenda maabara. Mtihani wa kidato cha sita una karatasi ya vitendo kwa Fizikia, kwa Kemia na kwa Baiolojia, na karatasi hiyo haidanganyi. Siku ya praktikali ya Kemia, angalia meza moja. Wapo wanafunzi wangapi kwa bureti moja, ule mrija wenye koki wa kupimia kimiminika? Wakiwa wawili, kila mmoja anajaza mwenyewe, anafungua koki taratibu, anadondosha tone kwa tone huku mkono wa pili unazungusha chupa, na anaiona kwa macho yake ile sekunde ambayo rangi inageuka. Anarudia mara tatu, na vipimo vyake vinakaribiana. Wakiwa wanane, mmoja ndiye anayeshika koki muhula mzima, wawili wanaandika, watano wanasubiri kunakili. Mei ikifika, kila mmoja anasimamishwa mbele ya bureti yake peke yake. Hao watano hawajawahi kuigusa. Ukifika shuleni, usiulize kama maabara ipo. Uliza kidato cha sita walifanya praktikali gani wiki iliyopita, na omba kuona daftari la mwanafunzi yeyote.

Halafu kuna baridi, ambayo familia zinazotoka Dar au Kyela huidharau. Mbeya mjini uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mafinga na Njombe ni juu zaidi. Mtoto anaripoti Julai, mwezi ambao asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, na mchakamchaka haumsubiri aliyechelewa kuamka. Mwenye pumu, au mwenye vidonda vya tumbo ambaye hawezi ugali na maharage siku baada ya siku, apelekwe na cheti cha daktari mkononi na aonane na matroni au patroni siku ya kwanza, asisubiri azidiwe. Hili si jambo la kudekeza watoto. Nimeona mtoto mwenye alama nzuri akimaliza muhula wa kwanza zahanati.

Ifunda na Iyunga, kwa wanaotaka ufundi

Shule za ufundi za serikali huku kwetu ni Ifunda kwa upande wa Iringa, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, na Iyunga ndani ya jiji la Mbeya. Tofauti yao na shule nyingine iko kwenye karakana: mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne anasoma uchoraji wa kiufundi, sayansi ya uhandisi na fani kama ujenzi, umeme au makanika, pamoja na masomo ya kawaida. Kwa sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali (wa ufundi na kazi za mikono), na shule za namna hii ndizo zilizokuwa na mashine na walimu wa karakana kabla mkondo wa amali haujatajwa.

Kwa mtoto wa kidato cha nne aliyetoka karakana hizo, swali la kidato cha tano au chuo ni gumu kuliko kwa wengine, kwa sababu ameshapata nusu ya msingi wa fundi sanifu. Nitalirudia hapo chini kwenye vyuo. Kati ya shule hizi mbili zenyewe, familia ya Mbeya itaona Iyunga ni nafuu kwa nauli na kutembelewa, na mtoto yuko karibu na mji pamoja na vishawishi vyake. Ifunda iko mbali na kelele. Mtoto anayekengeushwa na mji ningempeleka Ifunda bila kusita.

Shule ya kata yenye kidato cha tano

Shule hizi zilitapakaa kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004, na baadhi zimepandishwa zikaongezewa madarasa ya juu. Zina sifa ambayo shule kongwe haiwezi kuinunua: darasa ni dogo, mkuu wa shule anamjua mtoto kwa jina na anaijua nyumba yao. Mtoto wa katikati, yule ambaye hasikiki darasani na anahitaji mtu wa kumwambia “njoo ofisini saa nane tulirudie hili swali”, anaweza kufaulu hapa kuliko Malangali.

Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi kuna mwalimu mmoja kwa somo, na Fizikia na Hisabati ndizo zinazokosa mtu kwanza. Kwa hiyo nasema wazi: kwa HGL, HKL, HGK na kombi nyingine za sanaa, pengo kati ya shule ya kata nzuri na shule kongwe ni dogo, vitabu na bidii vinaliziba. Kwa PCB na PCM pengo ni kubwa, na usimpeleke mtoto huko kabla hujaiona maabara.

Jambo la kulala liulizwe mapema. Shule nyingine ni za kutwa na hosteli yake ina nafasi chache, watoto wanaobaki wanapanga geto karibu na shule. Geto ni chumba kimoja, jiko la mkaa, ndoo, na hakuna mtu mzima. Kwa binti wa miaka kumi na saba au kumi na nane sikubaliani nalo, na kwa mvulana pia nina mashaka. Kama hosteli imejaa na nyumbani ni mbali, hiyo shule ifuteni.

Kwa wasichana wa sayansi kuna chaguo jipya linalostahili kuangaliwa: kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, serikali imejenga shule za wasichana za sayansi za mikoa, 26 kwa nchi nzima. Majengo yake ni mapya, mabweni na maabara viko ndani ya uzio mmoja. Kitu cha kuchunguza huko ni walimu, maana jengo hukamilika haraka kuliko ikama, yaani idadi ya walimu wanaohitajika.

Chuo cha kati

Huku kwetu vyuo havikosekani. MUST ilianza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, ikawa taasisi, na mwaka 2012 ikawa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, na bado inatoa stashahada za ufundi. Uyole kuna chuo cha kilimo. Kuna VETA Mbeya na VETA Iringa, kuna vyuo vya afya, kikiwemo cha Ilembula kule Wanging'ombe. Kwa ualimu wa sekondari, Kleruu ya Iringa inajulikana sana, ila huko kwa kawaida wanaingia waliomaliza kidato cha sita.

Fanyeni hesabu ya miaka kwa utulivu. Anayepitia kidato cha sita kwenda shahada ya uhandisi anatumia miaka miwili na minne, jumla sita. Anayepitia stashahada anatumia mitatu na minne, jumla saba. Amechelewa mwaka mmoja, lakini mwishoni mwa mwaka wa tatu ana cheti kinachoajirika na mikono inayojua kazi. Yule wa kidato cha sita, akianguka Mei, amebaki na cheti cha kidato cha nne alichokuwa nacho tangu mwanzo. Hiyo ndiyo hatari ambayo majirani hawaitaji wanaposifia shule kongwe.

Mlango wa chuo kikuu haufungwi kwa aliyepita chuo. Wa kidato cha sita anahitaji angalau masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Wa stashahada anahitaji wastani wa 3.0 na kuendelea pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Kwa udaktari wa binadamu njia iliyonyooka ni PCB, na anatakiwa angalau D katika yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Pia kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo afya na uhandisi; kukosekana kwa mkopo huo ndiko kulikokuwa kunazinyima familia nyingi chaguo hili.

Nani ningemshauri chuo? Kijana wa Ifunda au Iyunga mwenye B ya masomo ya ufundi na C za kuunga-unga kwenye mengine. Binti mwenye ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia ambaye tangu kidato cha pili anasema uuguzi, uuguzi, uuguzi. Mtoto wa mkulima wa viazi wa Mporoto au wa parachichi wa Rungwe ambaye anataka kurudi shambani na maarifa, huyo Uyole inamfaa kuliko HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) atakayoisoma kwa kuburutwa. Na yule mwenye daraja la kwanza lakini hajui anataka nini, ningemwacha aende kidato cha tano shule kubwa. Ana haki ya miaka miwili ya kujitafuta, na chuo hakisamehe aliyechagua fani bila kuitaka.

Kusoma matokeo ya NECTA bila kudanganyika

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) limeacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nilifurahi. Orodha ile ilikuwa inasifia shule zinazochagua watoto wenye A tangu mwanzo. St. Francis Girls ya hapa Mbeya iliwahi kushika nafasi ya kwanza kitaifa kwa kidato cha nne, na walistahili, lakini ile ni shule ya kulipia inayochuja wanaoingia. Huwezi kuiweka mzani mmoja na shule ya kata inayopokea kila mtoto wa kijiji.

Matokeo yenyewe bado yako wazi mtandaoni, na wazazi wengi wanaishia juu, kwenye idadi ya daraja la kwanza. Shukeni chini kabisa ya ukurasa wa shule. Kuna jedwali la kila somo: waliofanya wangapi, wastani wao, na kiwango cha ufaulu. Hapo ndipo shule inapojivua nguo. Shule inaweza kuwa na daraja la kwanza nyingi zilizobebwa na Historia na Kiswahili huku Fizikia yake inasota mwaka baada ya mwaka. Kama mwanao anakwenda PCM, daraja la kwanza za HKL hazimhusu. Tazameni masomo yake matatu kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kuwa bahati ya kundi moja zuri au mwalimu mmoja aliyehama baadaye.

Na msisahau Hisabati ndogo, ile Basic Applied Mathematics. Mtoto anayekimbilia PCB au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) akidhani ameagana na hesabu atakutana nayo huko. Waambieni mapema wajipange.

Pesa

Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia Julai 2022. Kabla ya hapo bweni lilikuwa 70,000 kwa mwaka. Lakini bila ada hakumaanishi bila gharama. Fomu ya kujiunga itataka godoro, shuka za rangi fulani, sare, sweta, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, na michango iliyoainishwa. Ongeza nauli mara kadhaa kwa mwaka, na kama amepangwa mkoa wa mbali nauli inaweza kuzidi kila kitu kingine. Isomeni fomu hiyo yote kabla ya kwenda sokoni, maana shule moja inataka sweta ya kijani na nyingine ya bluu, na mitumba ya Soko la Mwanjelwa hairudishwi.

Kwa seminari na shule binafsi, ada ni ya mamilioni kwa mwaka. Kama ipo bila kuuza shamba, na mtoto ni wa kusimamiwa kwa karibu, wamlipie. Kama inabidi kuuza shamba, msiuze. Shule kongwe na diskasheni zake zinampa mtoto mwenye bidii karibu kila anachokihitaji, na shamba litahitajika akifika chuo kikuu.

Wazazi wapange pia muda wa baada ya mtihani wa Mei. Vijana wengi wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kambi za Mafinga na Itende ni miongoni mwa zinazopokea. Aliyeko chuo cha kati hapiti huko kwa ratiba hiyo.

Akipangwa asikotaka

Hutokea sana, kwa sababu mnaomba ila mpangaji ni TAMISEMI. Ushauri wangu ni aripoti ndani ya muda ulioandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Nafasi yake ikionekana iko wazi anaweza kupewa mwingine, na hapo atakuwa amekosa vyote. Akiwa ndani ana mambo matatu ya kufanya. Kubadili kombi humo humo, na hilo lifanyike mwezi wa kwanza, kabla wenzake hawajatangulia mada. Kuomba uhamisho, unaohitaji shule inayompokea iseme ina nafasi kwenye kombi ileile, na barua zipite kwa wakuu wa shule zote mbili na ofisi za elimu. Au kuomba chuo kupitia madirisha ya udahili ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi stadi, ambayo hubaki wazi hata baada ya kidato cha tano kuanza. Hili la tatu lisifanyike kwa hasira ya wiki ya kwanza ya baridi na maharage. Msubirini hadi matokeo ya mtihani wa kwanza wa ndani, aje na karatasi zake, mkae mzione alama za kila somo, ndipo muamue.